Gauni la Mteja Asiyekuwepo

Wiki jana ulinicheka. Usikatae. Hata dada anayeuza gazeti hili kwenye kona yetu alinicheka, na bei hakunipunguzia.

Kwa aliyenikosa, nisimulie upesi. Mimi ni binti wa duka la ushonaji. Napima wateja, naandika vipimo kitabuni, natia vifungo, na ndiyo maana bosi wangu ananiita Vifungo. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini macho yangu yaliendelea kusoma.

Mwezi uliopita macho hayo hayo yalinisaliti. Mtu alinipigia simu akasema yeye ni ofisi ya akaunti. Alikuwa na sauti ya upole, kama ya mtu anayekupa pole kabla hujapata msiba. Akaniomba nimsomee namba sita zilizoingia kwenye simu yangu. Nikamsomea.

Akaingia kwenye akaunti yangu, akakaa humo siku tatu akiwa mimi. Aliandika kama mimi, alicheka kama mimi, na kwa jina langu akamwomba mama mkwe wangu mtarajiwa picha ya kitambulisho chake, eti kwa ajili ya kadi za harusi.

Mama mkwe akatuma. Mbele na nyuma.

Kwa kitambulisho hicho mwizi alisajili laini ya simu. Mama mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye wanaume wazima wakimwona njiani huchomekea shati, alizungushwa ofisi kwa ofisi athibitishe kwamba yeye ni yeye. Karani mmoja alimwambia hafanani na picha yake.

Siku aliporudi kutoka kwa karani huyo aliniita nyumbani kwake. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mwanangu, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini mtu aliyeshindwa kutunza neno moja, kijana wangu nitamkabidhi vipi? Nakupa mwezi. Likitoka neno lingine kwa jina lako ambalo hukulisema wewe, pete irudi."

Mchumba wangu ni dereva wa lori, wa safari za wiki tatu tatu. Nilipompigia kumlilia, alisema mama yake akishasema, yeye hubakiwa na ndiyo tu. Nampenda hivyo hivyo.

Alhamisi iliyopita ilikuwa siku ya ishirini na saba. Zimebaki tatu, nikajiambia asubuhi nikifunga viatu. Mtu hawezi kuharibu maisha yake kwa siku tatu.

Sasa sikiliza.

Akaunti ile nilirudishiwa na fundi simu wa mtaa wetu, kijana mwenye bisibisi sikioni mahali ambapo wengine huweka kalamu. Alinipa masharti. Neno la siri jipya, tena refu. Lisiwe siku ya kuzaliwa, lisiwe jina la mchumba, lisiwe namba ya simu. Asilijue mtu. "Hata mimi," alisema, akageukia ukuta mpaka nilipomaliza kuliandika.

Kisha akaniwekea alichokiita mlango wa pili. Mtu akilijua neno langu la siri, bado hataingia, kwa sababu akaunti itatuma namba sita kwenye simu yangu, na bila hizo mlango haufunguki.

"Namba hizo usimsomee mtu," alisema. "Hata akilia."

Kitu kimoja tu kilimshinda. Spika ndogo ya kuweka sikioni ilikuwa imekufa na kifaa chake hakikuwepo. Kwa hiyo kila anayenipigia nampokea kwa spika kubwa, na mambo yangu yakawa ya duka zima.

Sasa, neno refu nitalikumbuka vipi? Karatasi sikuiamini. Kichwa changu ndiyo kabisa.

Dukani kwetu kuna makopo matano ya vifungo. Niliyamwaga moja moja nikahesabu. Arobaini na tisa, hamsini na nane, hamsini na moja, saba, thelathini na tatu. Namba ambazo hakuna binadamu anayezijua, maana hakuna binadamu mwingine mwenye subira ya kuhesabu vifungo.

Halafu nikafungua kitabu cha vipimo. Kina wanawake mia nne. Nani atamtafuta wa mia nne na moja? Nikamzua mteja, nikamwita Bi Kizibo. Kifua 49. Kiuno 58. Nyonga 51. Mkono 7. Urefu 33. Jina na namba zake zikifuatana, hilo ndilo neno langu la siri.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kumaliza kazi, nilijaza na mistari iliyobaki ili asionekane wa uongo. Kitambaa: cha dukani, cha manjano. Siku ya kuchukua: Alhamisi.

Hapo ningenyamaza, leo ningekuwa nachagua kadi za harusi. Lakini nilikuwa na furaha ya mtu aliyemzidi mwizi akili, na furaha ya namna hiyo haikai tumboni.

Nina ukurasa wangu kwenye akaunti ile, ambao ndio ukurasa wa duka pia; natia picha za magauni, watu wanaagiza. Nikaandika humo: "Dada zangu, neno langu la siri nimeliandika na hakuna atakayelipata. Lipo dukani. Limejifanya mteja."

Watu mia mbili na kumi na nne waliipenda. Mama mkwe mwenyewe aliandika chini yake: "Vizuri, mwanangu. Sasa unakua."

Niliisoma mara kumi. Nilimsomea na dada wa gazeti.

Jumanne na Jumatano sikwenda kazini. Nilimsindikiza mama mkwe kwenye ofisi ya laini za simu, kuifunga ile laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Alhamisi nikarudi, na kabla sijafika mlangoni nikaona watu wamesimama mbele ya kioo cha duka wanacheka.

Muuza viatu wa mkabala aliniuliza kama siku hizi tunavisha mapipa.

Nikachungulia. Kwenye dirisha, juu ya sanamu yetu ya mbao, palikuwa na gauni la manjano. Lilianza vizuri kwenye mabega, likafura katikati kama maandazi yaliyotiwa hamira kwa hasira, kisha likakatika ghafla, kana kwamba limekumbuka jambo. Mikono ilikuwa mifupi mno, ungedhani ameshonewa anayenawa kila saa.

Na kifuani, kama ilivyo desturi ya duka letu, kilibandikwa kikadi kwa pini, chenye herufi kubwa za mkono wa bosi, mwenye gauni akipita barabarani ajue ni lake.

BI KIZIBO. 49. 58. 51. 7. 33.

Neno langu la siri lilikuwa limevaa.

Lazima umjue bosi wangu ndipo unielewe. Tunamwita Mzee Kipimo. Kwa miaka thelathini anafungua kitabu asubuhi, anatafuta ukurasa usio na alama ya kumalizwa, anakata. Haulizi mteja ni nani. Haulizi kwa nini. Kitabu kikimwambia ashone suruali ya miguu mitatu, atauliza zipu ikae mguu gani.

Niliingia nikamwuliza, kwa sauti ya mtu asiye na la kuficha, kama hakushangaa kuona kiuno kimezidi kifua kwa inchi tisa.

"Nilishangaa," alisema, huku akikata. "Kisha nikaacha."

"Mzee, huenda nilikosea kuandika."

"Wewe huwa hukosei, Vifungo. Ndiyo maana nimekuachia kitabu."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Nikimwambia Bi Kizibo hayupo, ataniuliza ni nini basi, na fundi simu alisema asijue mtu. Nikamwomba nikitoe kile kikadi tu, nikakisafishe. Akaniangalia kama nimemwomba nikamsafishe jua. Kikadi hakiondoki kwenye gauni mpaka mwenyewe aje. Hiyo ni sheria ya duka, na sheria za duka letu ni hiyo moja.

Basi, nikasema moyoni, nitabadilisha neno lenyewe. Nikajificha nyuma ya pazia la kujaribia nguo, nikafungua akaunti. Fundi simu alikuwa amenionyesha pa kubonyeza. Nikabonyeza. Akaunti ikanijibu kwa adabu: andika kwanza neno la siri la zamani.

Bi Kizibo, nikaandika. Arobaini na tisa. Hamsini na... na ngapi?

Kitabu kilikuwa chini ya kiwiko cha Mzee Kipimo. Na kiwiko cha Mzee Kipimo huondoka kitabuni saa ya chakula.

Ikabidi nitoke nje nikajipenyeze kati ya watu wanaocheka, nisome neno langu la siri kwenye kioo kama bei ya samaki. Hamsini na nane. Hamsini na moja. Nikafika kwenye saba, mara mbele yangu pakaja mgongo mpana, na mkono ukagusa kioo.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mimba. Nikisema mimba nataka uelewe: alitangulia tumbo lake kwa jina tu. Alivaa shati la mumewe, na shati lilikuwa limeomba msamaha kwenye vifungo viwili vya chini.

Hakucheka. Alisimama pale akiliangalia gauni kama mtu anayeangalia ndugu yake akishuka kwenye basi.

"Hili," alisema, "nani amewaambia vipimo vyangu?"

Kabla sijapata uongo wa kumjibu, alikuwa ameshaingia ndani.

Alikuwa mkunga wa zahanati ya jirani, na tumboni alikuwa na mapacha wa miezi minane. Alisema miezi miwili mizima hajavaa nguo yenye kiuno. Akaingia nyuma ya pazia. Tukasikia kicheko, kisha kilio kidogo, kisha kicheko tena.

Akatoka.

Naapa. Lilimkaa kila mahali. Bega, kifua, kule kufura kote kwa katikati, vyote vilikuwa vimepata mwenyewe. Mikono mifupi ilimfurahisha zaidi, maana kazi yake ni ya kunawa. Kasoro ilikuwa moja tu: upande wa nyuma pindo lilining'inia vidole viwili.

Mzee Kipimo aliacha mkasi. Katika miaka mitano sijamwona akiacha mkasi kabla ya saa sita.

"Wewe ndiye Bi Kizibo," alimwambia.

Mkunga aliuliza Bi Kizibo ni nani. Bosi akamwambia ni huyo aliye kwenye kikadi. Mkunga akasoma kikadi kifuani mwake, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema kuanzia leo jina hilo ni lake na atakayelikataa amfuate wodini.

Kisha akatoa simu yake akajipiga picha mbele ya kioo. Mbele, ubavuni, na moja ya karibu. Kikadi kikiwa kifuani, kinasomeka kama bango la kliniki.

Nilimwomba asiitume. Nilisema kwa upole, nikasema ni sheria ya duka. Akanishika shavu, akaniambia nisiwe na haya, kazi nzuri haifichwi. Alikuwa na makundi manne ya akina mama kwenye simu, na moja tu lilikuwa na watu mia tano. Akaandika: "Duka hili linakujua kuliko mumeo," akatia na jina la ukurasa wangu, akabonyeza, akavua gauni, akaenda zamu. Alisema atarudi mchana tumkunjie pindo.

Mzee Kipimo akalirudisha gauni dirishani. Na kikadi chake.

Hapa ndipo pa kukiri, msomaji wangu. Nilikuwa na saa tatu nzima za kubadilisha neno la siri. Unajua nilizifanyia nini?

Nilipata umaarufu.

Kufikia saa nne wanawake sita walikuwa wamepanga mstari. Saa tano, kumi na mmoja. Wafupi, warefu, wenye bega moja juu, mmoja aliyesema hajawahi kupimwa na mtu asiyeguna. Wote walikuwa wameiona picha. Wote walitaka kupimwa na yule binti. Yule binti ni mimi. Futi ya kupimia ilinizunguka shingoni kama medali, kichwa kilijaa upepo, na simu ikawa inatetemeka juu ya meza ya kukatia, nami nikaiacha itetemeke. Nilimwambia mama mmoja, Mungu anisamehe, kwamba mimi kwa kweli huwa napima kwa macho.

Nilisahau. Sina neno lingine. Nilikuwa na raha nikasahau.

Mchana mama mkwe akaingia.

Alikuja kupimwa nguo yake ya harusi, kama tulivyopanga. Nusu ya mstari ilimsalimia kwa kusimama wima, aliwafundisha. Akaketi kwenye kigoda kando ya meza ya kukatia, akavaa miwani, akaniambia nisihangaike, nimalize wateja kwanza. Alitazama ule mstari, akanitazama mimi, na kona ya mdomo wake ikapanda kidogo. Tangu uchumba uanze ile kona sikuwahi kuiona ikipanda.

Mkunga naye akarudi. Akavaa gauni, akapanda juu ya kibao mbele ya kioo, kikadi kifuani. Nikapiga magoti nyuma yake, mikono miwili kwenye pindo, pini tisa kati ya midomo yangu, kama ushonaji unavyotaka.

Simu yangu ikatoa mlio wa ujumbe. Kisha, palepale, ikaanza kuita.

"Nikupokelee?" akauliza mama mkwe. Mikono yangu ilikuwa imeshika nguo.

"Mmm," nikasema. Nilitaka kusema hapana. Lakini mwenye pini tisa mdomoni ana neno moja tu, na neno hilo linafanana na ndiyo.

Akapokea, akasema yeye ni mama mkwe wa binti. Sauti ikajaa duka.

"Habari za mchana, mama. Unaongea na ofisi ya akaunti."

Ile ile. Ile ya pole kabla ya msiba.

Akaeleza kwa upole kwamba muda huu huu kuna mtu anajaribu kuvunja akaunti ya binti, kwamba wamemtumia namba sita, na wakisomewa hizo namba watafunga mlango mwizi akiwa nje. Mama mkwe si mtoto. Alimwambia kwamba wa mwezi uliopita naye alijiita ofisi, kwa hiyo yeye atamjuaje?

Nilimpenda mwanamke yule kwa moyo wote. Nikaanza kutoa pini kwa ulimi, moja moja.

"Swali zuri, mama," sauti ikasema. "Mwizi hawezi kulijua neno la siri la mteja wetu. Sisi tunalo hapa. Ni Bi Kizibo, arobaini na tisa, hamsini na nane, hamsini na moja, saba, thelathini na tatu. Muulize binti kama silo."

Mama mkwe alinitazama juu ya miwani. Amefundisha miaka thelathini na sita. Anaujua uso wa mwanafunzi ambaye jibu lake limepatikana. Nilikuwa nimefumbua macho hadi yakauma, pini mbili zimeanguka, ya tatu imenichoma ulimi.

"Ndilo," akasema mwenyewe. "Uso wake umekubali. Haya, andika. Nane. Sifuri."

Niliachia pindo. Nikainuka, nikajikwaa kwenye futi yangu mwenyewe, nikamshika mkunga asianguke, nikashindwa kumwachia.

"Nne," alisoma mama mkwe, polepole na kwa sauti safi, kama imla. "Nne tena. Sita."

"Samahani," akasema mkunga. Alikuwa anajitazama kwenye kioo, kidole kikiwa juu ya kikadi. "Hivyo alivyovitaja si vipimo vyangu?"

"Ndivyo," akajibu Mzee Kipimo kutoka kwenye pasi, bila kuinua kichwa. "Viko kitabuni, ukurasa wa mwisho. Alivichukua Vifungo mwenyewe."

Wanawake wote wa mstari wakanigeukia.

Mama mkwe alikitazama kikadi. Akalitazama gauni, kutoka begani hadi kwenye pindo. Kisha akanitazama mimi, na niliona kabisa alipokuwa anasoma kichwani mwake: chini ya maneno yangu mwenyewe, limejifanya mteja, mahali alipoandika kwamba sasa nakua.

Ile kona ya mdomo ikashuka.

"Mama?" ikasema sauti kwenye simu. "Tumebakiwa na namba moja tu, mama."

Mama mkwe akaifunika spika kwa kiganja, bila haraka, macho yake yakashuka hadi kwenye pete yangu.

"Tema hizo pini, uje hapa," aliniambia. "Mimi nina namba moja, na wewe una dakika moja."